SSD imekuwa nzito: nisasishe programu dhibiti au niiache?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Laptopu yangu ina SSD (diski ya kielektroniki) aina ya NVMe ya GB 256, sasa ina miaka mitatu. Zamani faili kubwa zilikuwa zikiingia mara moja. Siku hizi zinaanza kwa kasi, halafu kasi inaporomoka hadi MB 60 kwa sekunde na kompyuta nzima inakwama. Nafasi iliyobaki ni GB 11. Programu ya kupima diski inaonyesha "Percentage Used: 7", naogopa imebaki asilimia 7. Nimesoma kwamba programu dhibiti (firmware, ile inayoiendesha diski yenyewe) ya diski hii ina toleo jipya, lakini programu ya mtengenezaji wa SSD inakataa, inasema haiitambui diski yangu. Kuna njia ya kuilazimisha? Na nifanye difragi (kuunganisha vipande vya faili)?

Jibu: Salama, ndugu. Naomba usiilazimishe. Naanza na hilo kwa sababu, katika yote uliyouliza, ndilo linaloweza kukupotezea data leo hii.

SSD nyingi zinazokuja ndani ya laptopu zimetengenezwa kwa oda ya kampuni ya laptopu. Jina kwenye lebo linaweza kuwa lile lile la diski za dukani, lakini programu dhibiti ya ndani ni tofauti na namba za matoleo hazifuatani. Kwa hiyo programu ya mtengenezaji wa SSD ilipokataa ilifanya kazi yake vizuri. Sasisho lako, kama lipo, litafutwe kwenye ukurasa wa msaada wa kampuni ya laptopu, kwa modeli kamili au namba tambulishi (serial number) ya mashine yako. Diski iliyopewa programu dhibiti isiyo yake inaweza isionekane tena hata kwenye BIOS, yaani programu inayoiwasha kompyuta, na hapo hakuna amri ya kuirudisha.

Kuhusu ile 7, tulia. Ni asilimia ya maisha ya kuandikwa ambayo imeshatumika. Mistari ya kuitazama kwa makini zaidi ni "Critical Warning" na "Media and Data Integrity Errors". Yote miwili inatakiwa kusoma sifuri. Huo wa pili ukianza kupanda, acha kila kitu, nakili data zako kwanza.

Sasa ule uzito. Dalili ulizozieleza zinanielekeza kwenye nafasi iliyobaki kabla hata sijafika kwenye programu dhibiti. Seli (vyumba vidogo vya kuhifadhia data) za SSD nyingi za laptopu hubeba biti tatu kila moja, nyingine nne, na kuziandika namna hiyo huchukua muda. Ili usione ucheleweshaji huo, diski huandika kwanza biti moja tu kwa kila seli kwenye eneo lililo wazi, kisha inapopumzika huzipanga upya kwa msongamano wake wa kawaida. Kwenye seli za biti tatu, GB 10 zikiandikwa kwa njia ya haraka hukalia nafasi ya GB 30. Wewe umebakiwa na GB 11. Eneo la haraka limekuwa finyu, linajaa upesi, na baada ya hapo diski inalazimika kuandika kwa mwendo wake halisi huku ikihamisha data za zamani kutafuta bloku (mafungu ya seli) za kufuta. Ndiyo maana mwanzo ni mzuri, kisha mambo yanaharibika.

Hamisha faili mpaka upate angalau GB 50 wazi. Hakuna namba rasmi hapo, ila mimi sipendi kuona SSD ya laptopu imepita asilimia 80. Halafu hakikisha TRIM (taarifa ya mfumo kwa diski kuhusu seli zilizoachwa wazi) inafanya kazi, maana unapofuta faili, diski yenyewe haijui kwamba zile seli hazina mwenyewe tena mpaka mfumo uiambie. Kwenye Windows fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike `fsutil behavior query DisableDeleteNotify`. Jibu la 0 kwenye mstari wa NTFS maana yake TRIM imewashwa. Kisha fungua "Optimize Drives", chagua diski, bonyeza Optimize. Kwenye Linux tumia `sudo fstrim -av`, na uangalie kama `fstrim.timer` inafanya kazi. Diski iliyofungwa kwa LUKS (usimbaji wa Linux) huwa haipitishi TRIM mpaka iruhusiwe kwa chaguo la discard, jambo ambalo wengi hawalijui. Ukimaliza, iache laptopu imewashwa kwenye umeme, bila kulala, saa moja au mbili. Huo ndio muda ambao diski inajisafisha.

Difragi usifanye. Unaichosha diski kwa maandiko yasiyo na faida, kwa kuwa SSD haina kichwa cha kusomea kinachosafiri kutoka kipande hadi kipande.

Angalia pia joto wakati wa kunakili faili kubwa. Diski nyingi za NVMe hujipunguzia kasi zikipita nyuzi 70 hivi, na laptopu iliyowekwa juu ya godoro hufika huko kwa urahisi.

Je, programu dhibiti haina uzito wowote? Inao, tena mkubwa. Samsung 840 EVO, iliyotoka 2013, ilionekana mwaka uliofuata kuwa inasoma faili za zamani polepole mno ilhali faili mpya zinakwenda vizuri. Volti za seli zilikuwa zinahama kadiri muda unavyopita, na diski ikawa inahangaika kuzisoma. Sasisho la Oktoba 2014 halikumaliza tatizo. La Aprili 2015 ndilo lililoifanya diski iwe inaandika upya data za zamani yenyewe. Crucial M4 nayo ilikuwa na kasoro ya hesabu: ikishawashwa kwa jumla ya saa 5,184 hivi, yaani siku 216, ilianza kuganda. Toleo la 0309 la Januari 2012 lilirekebisha. Mwenye M4 hakuwa na usafishaji wowote wa kumsaidia, ni sasisho tu.

Kwa hiyo jaribu hili kwenye diski yako baada ya kuipa nafasi: washa upya kompyuta, nakili faili kubwa la miaka miwili iliyopita kwenda diski ya nje yenye kasi, kisha lingine la wiki hii lenye ukubwa ule ule. La zamani likiburuta na jipya likakimbia, hapo naanza kuishuku programu dhibiti.

Kulijua toleo ulilo nalo hakuna hatari yoyote. Kwenye PowerShell ya Windows andika `Get-PhysicalDisk | Select-Object FriendlyName, FirmwareVersion`. Kwenye Linux, `sudo smartctl -a /dev/nvme0` inakupa toleo, joto, saa ilizowashwa na makosa kwa pamoja, na `fwupdmgr get-updates` inakuonyesha kama kuna sasisho lililotolewa rasmi kwa ajili ya mashine yako. Kwenye Mac, masasisho ya SSD ya ndani huja pamoja na ya mfumo, huna la kutafuta. Linganisha toleo lako na maelezo ya sasisho, na uyasome maelezo yenyewe. Yakitaja tatizo unalolipata, au kupotea kwa data, sasisha. Yakigusa jambo lisilokuhusu, sioni haraka.

Siku ya kusasisha, nakala ya data zako iwe nje ya laptopu, na uwe umeifungua kuhakikisha inasomeka. Niliwahi kuletewa mashine ambayo mwenyewe aliisasisha diski kwa chaji ya betri peke yake, ikazima katikati. Diski haikuonekana tena, na tasnifu yake ilikuwa humo tu. Sijasahau uso wake. Kwa hiyo chomeka umeme na betri iwe na chaji, weka ufunguo wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) mahali unapoufikia kisha uisimamishe kwa muda, funga programu zote, na usiguse kitu mpaka imalize. Baadaye chagua Restart badala ya Shut down, kwa sababu Windows ikiwa na Fast Startup haizimi kikamilifu, kisha soma toleo upya kwa amri ile ile.

Anza na kutoa nafasi. Kasi ikiendelea kuporomoka hata ukiwa na GB 50 wazi, niandikie modeli ya laptopu, toleo la programu dhibiti, joto wakati wa kunakili, na matokeo ya lile jaribio la faili la zamani na jipya.