Nimekanyaga mdudu wa miiba baharini, wiki ya tatu hii kidole bado

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi naishi Mbagala, Idi hii tulivuka na boti kwenda Unguja, mimi na mume wangu na mama mkwe na mawifi zangu wawili, tukafikia Paje. Sasa Idi pili asubuhi maji yalikuwa yamekupwa yani unatembea tu mpaka kule kwenye mashamba ya mwani, nikavua kandambili nikaziacha mchangani zisije zikachukuliwa na maji, si ndo nikakanyaga wale wadudu weusi wenye miiba mirefu kama sindano! Nilipiga ukelele mpaka wamama waliokuwa wanavuna mwani wakainua vichwa. Nikahesabu madoa meusi 11 kisiginoni na moja kwenye kiungo cha kidole gumba. Wifi mdogo akasema pakojolewe, mume wangu akageuka pembeni anacheka, mama mkwe akamfokea, mara mzee mmoja akaja na papai bichi akalikwaruza akanipaka ule utomvu mweupe. Wenzangu wakaenda Kizimkazi kuangalia pomboo, mimi nikala pilau chumbani peke yangu mguu uko juu ya begi. Kisigino kimepona ila pale kwenye gumba kumeota kiuvimbe kigumu, nikikunja kidole panauma. Je utomvu ulinidhuru? Na ile sumu bado ipo mwilini?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, Idi ya kula pilau peke yako siyo Idi.

Sumu toa wasiwasi, ingekuwa ya kukufanya kitu ungeiona siku ileile. Na yale madoa 11 sidhani kama yote yalikuwa miiba, maana mdudu yule anaacha na rangi, mtu anaona kisigino cheusi anajua kimejaa miiba kumbe nusu ni wino. Doa likifutika lenyewe ndani ya siku mbili ujue ilikuwa rangi, likibaki ndo kuna kipande ndani.

Papai nalo lina historia, pwani nzima wanalitumia na mzee wa watu alikusaidia kwa moyo mmoja. Ila utomvu wa papai kazi yake ni kuvunja protini, ndo maana unalainisha nyama ya mishkaki, wakati mwiba wa yule mdudu umejengwa kwa madini yaleyale ya matumbawe na chokaa, hauyeyuki kwa papai. Utomvu wenyewe unaweza kuwasha ngozi kwa watu wengine, wewe inaonekana haukukudhuru. Siki ndo inagusa kidogo ile miiba iliyokaa juujuu.

Dawa yenyewe ilikuwa jikoni hapohapo mlipofikia: maji ya moto. Unatumbukiza mguu kwenye beseni, moto wa kuvumilika, usizidi nyuzi 45, unakaa nusu saa mpaka saa moja na nusu ukiongeza yakipoa. Joto ndo linatuliza yale maumivu makali ya mwanzo. (Mkojo unatoka na joto la mwili tu, mwambie wifi.) Pima kwanza joto la maji kwa ule mguu ambao haukuchomwa, na kama ni mgonjwa wa sukari ambaye miguu imekufa ganzi apimiwe na mtu mwingine, asije akababuka bila kujua. Miiba iliyochomoza unaivuta taratibu na kibano, iliyozama achana nayo, hiyo habari ya kuchokoa na sindano au wembe ndo inaivunja vipandevipande halafu unaleta usaha bure. Mingi mwili wenyewe unaila au unaisukuma nje polepole, kama kisigino chako.

Sasa hicho kidole ndo sikuachii. Mwiba ukikaa kwenye kiungo ni habari nyingine kabisa, unaweza kuwasha kiungo kwa miezi, na kiuvimbe kigumu baada ya wiki kadhaa mara nyingi ni mwili unazungushia ukuta kipande kilichobaki. Usikikamue, usikikande. Nenda hospitali wiki hii, na useme wazi kwamba ulichomwa na mdudu wa baharini na siku yenyewe uitaje, maana ukisema "kidole kinauma" tu utarudi na panado. Wakipiga eksirei au altrasaundi kipande kinaweza kuonekana, na kama kipo kitatolewa kwa ganzi ukiwa unapiga stori. Uliza na sindano ya pepopunda, kama umeshazaa zile ulizochomwa kliniki zinahesabiwa kwa hiyo beba kadi. Ila kidole kikivimba chekundu au ukapata homa usisubiri kesho.

Mkirudi tena Paje nunua viatu vya plastiki vya kufunga, vile wanavyovaa wamama wa mwani. Kandambili hata ungezivaa mdudu yule angeweza kuzipenya.