Kwa nini damu ichangiwe kabla mgonjwa hajapatikana

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wahimizwe kuchangia damu kwa hiari ilhali jamaa wa mgonjwa wanaweza kuitwa hospitalini pindi haja inapotokea. Ugumu uko kwenye muda. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache, na damu iliyotolewa sasa hivi inapaswa kwanza kupimwa kundi lake pamoja na virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende; kinachomwokoa ni chupa iliyokwisha kuwa kwenye jokofu. Tena, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, jamaa aliyeshinikizwa au mtu aliyelipwa hushawishika kuficha historia ya afya yake, na maambukizi mapya kabisa huweza kupita bila kuonekana katika vipimo. Akiba nayo haidumu: chembe nyekundu huhifadhiwa hadi siku 42, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, takriban siku 5 tu, ndiyo maana wanahitajika wachangiaji wanaorudi mara kwa mara. Kwa mtu mzima mwenye afya, mililita 450 hivi zinazotolewa hufidiwa na mwili wenyewe, majimaji ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu baada ya wiki kadhaa.