Uchache wa baiskeli si sababu ya kutozijengea njia

Ndugu, umeuliza kuna haja gani ya kujenga njia za baiskeli mijini ilhali wanaozitumia ni wachache. Tazama Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ambako mradi wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016, ulijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli: bodaboda huingia humo foleni inapokaza, meza za biashara hupangwa juu yake, na mwenye baiskeli hulazimika kurudi barabarani katikati ya magari. Naamini uchache huo unatokana zaidi na hofu. Nguzo fupi za zege huzuia magari kuegeshwa njiani, lakini bodaboda hupenya, hivyo nao watengewe maegesho karibu na vituo, na usimamizi uwe wa kila siku. La muhimu zaidi ni vivuko vilivyoinuliwa hadi usawa wa njia ya miguu, kwani humlazimisha dereva kupunguza mwendo hata pasipo askari, na mzee mwenye mkongojo huvuka bila kushuka na kupanda kingo.