Ushauri wa mshika kibendera kwa wanaobishana kuhusu kuotea

Ukitaka kubishana vizuri kuhusu kuotea (offside), yaani mshambuliaji kumtangulia mpinzani wa pili kutoka mwisho kuelekea golini pasi inapopigwa, anza na mguu wa aliyepiga pasi. Nimeshika kibendera kwenye mechi za mtaani na za ndondo hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na nikiwa sina mechi nakaa kibanda umiza kama wengine. Kote huko nakutana na kosa lilelile: watu wanamwangalia straika pale anapopokea mpira. Sheria ya 11 ya soka, ile ya kuotea, haiulizi alipokuwa wakati anapokea, inauliza alikuwa wapi mwenzake alipoucheza. Pasi ndefu ikiwa hewani, straika mwenye mbio anakata mita kumi na zaidi, na beki aliyekuwa sambamba naye huenda alikuwa anapanda juu. Mpira ukitua yuko peke yake na kipa, kijiwe kizima kinanyanyuka kudai ameotea, kumbe alitoka salama kabisa.

Sisi wa pembeni tunafanya hivi: macho yanabaki kwenye mstari wa beki wa mwisho, mpira tunausikia. Hakuna binadamu anayeweza kumtazama mpigaji aliye katikati ya uwanja na wakati huohuo kupima bega la straika upande wa pili. Kwa hiyo unajifunza mlio. Kwenye uwanja wa vumbi buti likigonga mpira mlio wake ni mkavu, unaupata hata kwa mbali, na papo hapo unaipiga picha ile safu kichwani. Mashabiki wakianza ngoma na mavuvuzela, mlio unapotea, na hapo kazi inakuwa ngumu mara mbili.

Jambo la pili ni mahali unapotazamia. Nikiwa hatua mbili mbele ya safu ya mabeki, yaani karibu zaidi na goli, halafu straika akawa upande wa mbali kuliko beki, ataonekana ameotea hata kama wako sawasawa. Nikiachwa nyuma ya safu, inageuka: straika huyohuyo ataonekana salama hata akiwa ametangulia kidogo. Ndiyo maana mshika kibendera anakimbia ubavuubavu muda wote kuifuata safu. Na kamera kuu ya televisheni imekaa usawa wa katikati ya uwanja, kwa hiyo karibu kila mara iko nyuma ya tukio. Ukiona marudio, usilinganishe miili kwa macho ya kukisia. Tafuta michirizi ya nyasi zilizokatwa au mstari wa kumi na nane, ndiyo inayokuonyesha sambamba ya kweli.

Nikishamaliza hayo mawili, mabishano mengi hufa. Yanayobaki ndiyo ya maana: je, sheria yenyewe ikae vipi?

Hapa ushauri wangu ni kuuliza kwanza sheria ilitungwa kuzuia nini. Ilitungwa kuzuia kuvizia, mtu kujibanza golini kwa wapinzani akisubiri mpira umfuate. Waingereza walianza na ukali kupita kiasi: mwaka 1863 mshambuliaji yeyote aliyekuwa mbele ya mpira alikuwa ameotea. Mwaka 1866 wakalegeza, wapinzani watatu wakiwa kati yako na goli uko salama. Mwaka 1925 watatu wakawa wawili, na msimu uliofuata magoli katika ligi ya Uingereza yakaruka kutoka 4,700 hadi 6,373. Lakini angalia kilichofuata. Makocha hawakukaa kimya, Herbert Chapman wa Arsenal alimrudisha kiungo wa kati akawa beki wa tatu, na wengine wakamwiga. Ukigusa sheria hii unahamisha watu uwanjani, na wanaohama si washambuliaji peke yao.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na pendekezo la Arsène Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal, pamoja na heshima yote niliyonayo kwake. Anataka mshambuliaji ahesabiwe ameotea pale tu mwili wake wote unapokuwa umempita beki, pakawa na uwazi kati yao. Nia yake ni njema, magoli zaidi. Lakini mstari unabaki mstari: badala ya kugombania ncha ya kiatu cha mbele tutagombania kisigino cha nyuma, kwa milimita zilezile. Na beki anayejua kwamba straika anaanza mbio akiwa mwili mzima mbele yake hatakaa juu. Atarudi kwenye boksi, timu nzima itamfuata, na sisi tutatazama mechi za watu kumi kulundikana golini.

Ninachokitaka ni kwamba maana ya 1990 iheshimiwe. Mwaka huo bodi inayotunga sheria za soka, IFAB, iliamua mshambuliaji aliye sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho yuko salama. Wakati ule sambamba ilikuwa kitu cha kuonekana kwa jicho. VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, ilipoingia kwenye sheria mwaka 2018 sambamba ikafa, maana ukikuza picha vya kutosha hakuna watu wawili walio sawasawa duniani. Fanya hesabu mwenyewe: kamera ikichukua picha 50 kwa sekunde, kati ya picha moja na nyingine straika anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 16. Beki akiwa anakuja upande wa pili, pengo linazidi. Halafu tunakata goli kwa kwapa! Teknolojia ya Kombe la Dunia Qatar 2022 iliboresha sana, kamera 12 zikifuata pointi 29 za mwili wa kila mchezaji, na kifaa ndani ya mpira kikituma taarifa mara 500 kwa sekunde. Mechi ya ufunguzi tu, goli la kichwa la Enner Valencia wa Ecuador likafutwa dakika za mwanzo. Sibishi kwamba mashine ilipima sawa. Nabisha kwamba kipimo hicho hakilindi chochote kilichokusudiwa na sheria. Paachwe nafasi ya sentimita kadhaa, kama Ligi Kuu ya Uingereza ilivyoanza kufanya msimu wa 2021/22 kwa kunenepesha mistari ya VAR, na ndani ya nafasi hiyo goli lisimame.

Kuhusu beki kugusa mpira, ambako akiucheza kwa makusudi aliyeotea anahesabiwa salama, nenda taratibu. Fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya Oktoba 2021, Kylian Mbappé wa Ufaransa alikuwa nyuma ya mabeki wa Hispania pasi ilipopigwa, Eric García akajinyoosha na kuugusa mpira, goli likakubaliwa kwa madai kwamba beki aliucheza kwa makusudi. Mwaka 2022 IFAB ikafafanua: tazama kama beki alikuwa na muda, nafasi na uwezo wa kuumiliki. Kujinyoosha kwa kukata tamaa hakumwokoi aliyeotea. Kijiweni kwenu anzieni hapo.

Na kwa vijana mnaoshika kibendera mtaani, acheni kuiga kuchelewesha kibendera. Kule kwenye ligi kubwa wanasubiri kwa sababu VAR ipo nyuma yao. Mei 2025 Taiwo Awoniyi wa Nottingham Forest alijigonga kwenye nguzo ya goli katika shambulizi lililokuwa tayari na mtu aliyeotea lakini kibendera kikacheleweshwa, akafanyiwa upasuaji wa tumbo. Kwetu hakuna VAR ya kusubiri. Subiri tu kujua nani anaufuata mpira; ukishajua, nyanyua.

Waandaaji wa bonanza, nanyi mna nafasi ambayo ligi kubwa hazina. Ligi ya NASL ya Marekani iliwahi kuchora mstari yadi 35 kutoka golini, kama mita 32, na kuotea kukahesabiwa kuanzia hapo tu badala ya nusu ya uwanja. Chokaa kidogo inatosha kulijaribu hilo kwenye mechi za kirafiki. Kubalianeni na manahodha kabla ya kipenga, kisha mtu mmoja akae na daftari aandike mabeki walisimama wapi, mipira mirefu ilikuwa mingapi, na kibendera kilinyanyuliwa mara ngapi.