Bando limekata, simu inajuaje nilipo?

SWALI: Mhariri mambo, mi dereva boda hapa Dar. Bando liliniishia njiani Kigamboni, ramani ikaganda ila kile kidoti cha bluu kikawa kinatembea na mimi kama kawa. Kinajuaje? Na mbona nikiingia Kariakoo kinarukia mtaa wa pili?

JIBU: Poa kaka. Bando ni la kuvuta picha ya ramani tu, kidoti hakina habari nalo. Simu yako ina chipu ya GPS ambayo kazi yake ni kusikiliza, haitumi chochote juu, setilaiti ziko kama kilomita 20,200 huko na kila moja inatangaza muda wote iko wapi na saa ngapi, simu inaangalia mawimbi yamechukua muda gani kufika, ikizipata 4 inapiga hesabu. Kwa nini 4? Tatu za mahali, ya nne inarekebisha saa ya simu maana ni ya bei chee, kule juu setilaiti zina saa za atomiki, zile sahihi kupindukia, na ukikosea maikrosekunde moja tu (sekunde moja ukiigawa mara milioni) ushapotea mita 300 hivi! Tena saa za juu zinakimbia kuliko zetu maikrosekunde 38 kwa siku, mambo ya yule mwanasayansi Einstein hayo, ikabidi wazirekebishe.

Kariakoo sasa ni maghorofa, mawimbi yanagonga ukuta kwanza ndo yanakufikia, yamezunguka, simu inadhani uko kwingine. Sogea penye anga wazi. Na ukipata wifi ishushe ramani ya Dar yote kwenye simu, bando likate lisikate unapeta.