Pale Dunga hawakuulizi chombo chako kinaitwaje

Maktaba yangu ya kwanza ya Python, yaani mkusanyiko wa msimbo ambao wengine wanaweza kuutumia katika programu zao, niliiandikia hapa Kisumu, kwa ajili ya kikundi kidogo cha wavuvi: mbuta kilo ngapi, ngege wangapi, kila mmoja alipwe shilingi ngapi. Nilikuwa nimechoka na data chafu, kwa hiyo kila fankisheni (kipande cha msimbo chenye kazi yake) ilianza na soja wa geti: mistari ya kukagua aina ya ilichopewa. Hoja yako, yaani kile unachoipa fankisheni, si `list` (orodha)? Rudi ulikotoka. Namba iliyomo si `int` (namba nzima) wala `float` (namba yenye desimali)? Rudi pia. Nilijiona mhandisi makini sana.

Kisha kijana mmoja wa Nakuru akaichukua kwa hesabu za mabwawa yake ya samaki. Alitumia NumPy, maktaba ya hesabu yenye safu (orodha) na aina za namba zake yenyewe. Safu yake ikakataliwa kwa kuwa si `list`. Akaigeuza kuwa `list`, na hapo ndipo mambo yalipokuwa ya kuchekesha: kilo zilipita, idadi ya samaki ikakataliwa. Alinipigia usiku akidhani nimelewa. Sababu ni kwamba `float64` ya NumPy ni mtoto wa `float` ya Python, yaani imeirithi, lakini `int64` si mtoto wa `int`. Soja wangu alikuwa anauliza ukoo, na ndugu wawili wa nyumba moja walikuwa na majina tofauti ya ukoo. Yule kijana hakubishana nami. Alinakili faili langu, akafuta mistari yote ya ukaguzi, na kila kitu kikafanya kazi.

Iliniuma. Lakini mtu akifuta ukaguzi wako wote na hesabu zikatoka sawasawa, basi haukuwa ukimlinda yeyote.

Anayepima omena pale ufukweni Dunga, hapa Kisumu, hakuulizi kama ulichobeba ni karai, sufuria au gunia. Anatupa jicho kuona kama kitashika omena, anamimina gorogoro zako, anapokea pesa. Ndivyo ninavyokagua siku hizi: naanza kwa kujiuliza fankisheni inakifanyia nini kile ilichopewa. Kama inapita ndani yake kimoja kimoja, haina haja ya `list`. Inahitaji kitu kinachopitika.

Usifanye kosa langu la pili, la kubadilisha `list` kuwa `Sequence` ya `collections.abc` (aina ya jumla ya Python ya vitu vilivyopangwa kwa mfuatano) na kwenda kulala. Safu ya NumPy haihesabiwi kuwa `Sequence`, kwa sababu aina hiyo hutambua waliorithi au waliosajiliwa tu. `Iterable` (kinachopitika) ni tofauti: inaangalia kama kitu kina `__iter__`, yaani njia ya kukipita kimoja kimoja, basi. Mimi sasa hata hiyo siiulizi mara nyingi. Ndani ya fankisheni, mstari wa kwanza ni `uzito = list(uzito)`, unaogeuza kilichopewa kuwa `list`. Kisichopitika, Python yenyewe itakikataa. Mstari huohuo unakuokoa na jenereta pia (si ile ya kuwasha taa stima zikipotea), ambayo hutoa vitu kimoja kimoja na hupitika mara moja tu. Wastani wangu wa zamani uliipita mara mbili, mara ya kwanza kujumlisha na ya pili kuhesabu, na mara ya pili haikuwa na kitu.

Kulegeza si kufungua geti na kwenda kunywa chai. Kuna wageni wawili ninaowazuia kwa majina. Wa kwanza ni maandishi. `str` hupitika, herufi moja moja. Nilikuwa na fankisheni ya kuandaa orodha ya namba za simu za kulipwa kwa M-Pesa. Katika majaribio nikaipa namba moja bila mabano ya orodha, nayo ikaniandalia malipo ya watu kumi, kila mmoja na tarakimu yake. Afadhali yalikuwa majaribio. Sasa `str` na `bytes` (data ghafi ya baiti) hukataliwa kabla ya lolote. Wa pili ni `bool`, aina ya ndiyo (`True`) na hapana (`False`). Katika Python `True` ni `int`, kwa hiyo soja wangu mkali wa zamani alikuwa anampitisha akicheka. Safu ya "amelipwa" ikikaa mahali pa kilo, kila mvuvi anapata kilo moja au sifuri, na hakuna hitilafu yoyote inayotokea.

Kwa idadi, yaani namba nzima, natumia `operator.index`, fankisheni ya Python inayopokea namba nzima tu. Inapokea `int64`, inakataa 3.0, na hiyo ndiyo tabia ninayoitaka. Kwa njia za mafaili, yaani anwani za mafaili kwenye kompyuta, kuna `os.fspath` tangu Python 3.6, itumie, usibishane.

Pesa ndiyo iliyonisumbua zaidi. Nilidhani `numbers.Real` (kundi la namba halisi) ingemaliza kazi, kumbe `Decimal`, aina ya Python inayohifadhi desimali kama zilivyoandikwa, haimo humo. Imesajiliwa chini ya `numbers.Number` tu. Ukizidisha `Decimal` kwa `float` Python inagoma kabisa. Kwa hiyo kwenye bei nilifanya kinyume cha nilichokuwa nikihubiri: napokea `int`, `Decimal`, au maandishi yanayogeuzika kuwa `Decimal`, na `float`, ambayo hukadiria desimali, nimeifungia nje. Senti za wavuvi si mahali pa kukadiria.

Hapo kwenye kukaza, nenda polepole. Ukilegeza, aliyekuwa akitumia maktaba yako jana haoni tofauti. Ukikaza, unamvunjia kazi asubuhi. Kuifungia `float` nilianza kwa onyo tu, na nikaikataa kabisa katika toleo kubwa lililofuata.

Na ujumbe wa hitilafu uandike kama unaongea na mtu. Wangu wa zamani ulisema "aina si sahihi". Wa sasa unasema: "uzito: nilitarajia namba kadhaa, nimepewa str '45'. Ulikusudia [45]?" Simu za usiku zimepungua.

Kitu ambacho bado sijakiamulia ni `dict`, kamusi ya Python inayounganisha jina na thamani yake. Mtu hunipa majina ya wavuvi na kilo zao, na ukiipita hivyo unapata majina badala ya kilo. Ningeweza kumchukulia thamani zake kimyakimya, lakini safari hii mwingine atakuwa ameweka kilo upande wa majina. Kwa sasa naikataa, na ujumbe unamwambia aongeze `.values()`, inayotoa thamani pekee.