DT125 ya zamani inakohoa ukivuta mafuta robo: usianzie kwenye kabureta

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Una pikipiki ya Yamaha DT125 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, umeinunua kwa mzee aliyekuwa bwana shamba, na uko Mbeya. Inawaka kwa shida, inatoa moshi mzito, ukizungusha mkono wa mafuta hadi robo inakohoa, mlimani inaishiwa pumzi, na mafundi watatu wameshaichokonoa kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, bila nafuu. Nimekaa na pikipiki ya aina hiyohiyo miaka kumi na moja, tena pistoni moja niliiua mwenyewe, kwa hiyo haya nimeyajua kwa gharama.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, hakikisha injini haivuti hewa ya wizi. Injini ya mipigo miwili inavuta mchanganyiko wake kupitia chumba cha krankshafti. Tundu lolote kule, hata dogo kiasi gani, linaingiza hewa ambayo kabureta haijaipima. Utaiseti leo, kesho imehama. Angalia kwanza raba inayobeba kabureta kwenye silinda: ikunje kwa vidole, na kwa umri wake nyufa zitajionyesha. Kisha sili mbili za krankshafti, yaani mipira inayoziba kila upande wake. Ya kushoto, upande wa sumaku, ikichoka inavuta hewa kavu: unaachia mafuta lakini mlio unachelewa kushuka. Ya kulia, upande wa klachi, inanyonya oili ya gia: moshi mweupe hauishi, plagi inalowa, na oili ya gia inapungua wakati chini hakuna hata tone. Kwa huo moshi wako, mimi ningeanza na sili ya kulia.

Kuijaribu raba, acha injini ingurume taratibu halafu paka grisi nzito kuizunguka. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Usimwagie petroli kama wengine wanavyofanya. Ekzosi iko palepale, inawaka moto.

Hilo likiisha, fungua kabureta uisafishe, na hapa naomba unisikilize sana. Fundi wengi wa mtaani huchomoa uzi mmoja wa waya wa breki na kuzibulia jeti, vile vipande vyenye tundu la kupimia petroli. Jeti ni ya shaba laini, na tundu la ile ndogo halifiki hata nusu milimita. Waya ukipita mara tatu nne, jeti iliyoandikwa 25 si 25 tena, na hakuna skrubu itakayokuokoa. Yangu ilikuwa hivyo. Niliitazama kwenye mwanga wa jua nikaona tundu limekuwa la yai badala ya duara. Iloweke kwenye petroli usiku kucha, pitisha mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia, kisha ipige upepo wa kompresa. Kama fundi wako alitumia waya, nunua jeti mpya, na iwe Mikuni halisi yenye alama yake ndogo ya miraba. Nimewahi kununua mbili zenye namba ileile, nikazijaribu: moja ikavujisha maji kwa kasi kuliko mwenzake.

Sasa ndiyo useti. Kata kipande cha plasta, kibandike kwenye mkono wa mafuta, uchore alama: kufunga, robo, nusu, robo tatu, mwisho. Bila hicho utakisia tu, kwa sababu kila sehemu ya kabureta ina zamu yake. Kuanzia kufunga hadi robo inatawala jeti ndogo na skrubu ya hewa, pamoja na mkato wa chini ya slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta mafuta. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano inayoning'inia kwenye slaidi. Kupanda hadi mwisho ni jeti kubwa. Kikohozi chako kiko robo, kwa hiyo anayekuuzia jeti kubwa anakupotezea hela.

Skrubu ya hewa ni ile ndogo ya shaba, tofauti na ile inayoinua slaidi. Ifunge polepole mpaka ikae, usiibane, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Endesha dakika kumi injini ipate moto kweli. Halafu izungushe robo kwa robo, kila mara ukisubiri kidogo, mpaka mlio upande juu kabisa na uwe laini. Kwenye kabureta hii kufungua ni kuongeza hewa, kufunga ni kuongeza mafuta. Mlio mzuri ukija skrubu ikiwa karibu imefungwa, chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo ni ndogo mno. Ukija baada ya mizunguko miwili na nusu, ni kubwa mno. Hapo badilisha jeti, usilazimishe skrubu.

Hujui kama mafuta yamezidi au yamepungua? Endesha mpaka pale inapokohoa, kisha vuta choki kidogo. Ikipata nafuu, mafuta yalikuwa machache. Ikizidi kukwama, yamezidi. Kipimo hiki kimenisaidia kuliko vitabu vyote.

Sindano ina mikato mitano ya klipu. Anza wa katikati. Klipu ikishuka, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Badilisha mkato mmoja tu kwa siku, endesha, andika kwenye daftari.

Jeti kubwa isome kwa plagi. Weka plagi mpya, tafuta mlima mrefu usio na magari, vuta mafuta hadi mwisho ukiwa gia ya tatu, kisha kwa pamoja bana klachi na uzime injini. Fungua plagi palepale barabarani. Ukirudi nyumbani mdogomdogo ndipo ufungue, utasoma habari za mwendo wa pole. Rangi ya kahawia ni salama, nyeusi yenye unyevu mafuta yamezidi, nyeupe mafuta ni machache, simama hapohapo.

Na usisahau uko mita kama 1,700 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo jeti iliyofaa pwani inakuwa na mafuta mengi mno. Nilipokuwa Mbeya nilishusha jeti kubwa kutoka 120 hadi 115 na mlima ukawa mlima wa kawaida. Kisha nikahamishwa kikazi kwenda Dar, nikaipakia kwenye lori hadi Morogoro na kuiwasha bila kubadilisha kitu. Kati ya Chalinze na Mlandizi, mafuta mwisho, jua la saa saba, mlio ukawa mwembamba na mkali, nguvu ikapungua kama vile nimeachia mkono, halafu tairi la nyuma likajifunga. Niliwahi klachi, ndiyo maana naandika. Tulipofungua silinda, alumini ya pistoni ilikuwa imejipaka ukutani. Nilipanua silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25. Ukishuka bonde, panda namba ya jeti kabla hujawasha.

Jingine, kuhusu oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili. Kama pampu yako ya oili ilishang'olewa na unachanganya kwenye tangi, chagua kipimo kimoja ukishike. Wengi wanadhani kuongeza oili ni kuongeza mafuta kwenye mchanganyiko. Kinyume chake: oili imechukua nafasi ya petroli, kwa hiyo injini inapata petroli kidogo kwa hewa ileile. Kama pampu bado ipo, kila ukikaza au kulegeza waya wa mafuta hakikisha alama ya pampu imelingana, maana waya huo unagawanyika kwenda kwenye kabureta na kwenye pampu.

Anza na sili ya kulia na raba. Ukishafunga, niandikie namba zilizo kwenye jeti zako zote mbili, mkato wa klipu, na plagi imetoka rangi gani, tuendelee kutoka hapo.